Vigingi Vilivyoota Majani

Wiki iliyopita mmoja wenu alikuja kunitafuta hapa Nyakahanga, kijana mpole wa idara ya ardhi, ameajiriwa juzijuzi tu. Alinipa shikamoo ya heshima, akakaa, akaweka kishikwambi chake mezani karibu na chai yangu, akasema, "Mzee Novati, ramani yangu iko sahihi kabisa lakini wananchi wanaikataa. Nifanyeje?" Nilicheka mpaka magoti yakauma. Sahihi kabisa! Nikamwambia aende, nitaandika, na msome wote kwa pamoja, maana habari nitakayoieleza ni ya aibu yangu mwenyewe na sina hamu ya kuirudia kwa kila anayebisha hodi.

Mimi nilikuwa fundi sanifu wa upimaji. Kwa maneno ya kawaida, nilikuwa mtu wa kushika mnyororo wa kupimia, kufyeka njia ili darubini ione, kupigilia vigingi, na kuandika namba kwenye daftari huku mvua inaniingia shingoni. Mpimaji mwenyewe, mwenye cheti na mwenye darubini, alikuwa bosi wangu Mzee Ishengoma, Mhaya wa Muleba, mfupi, Mkatoliki wa kufunga rozari kwenye usukani wa Land Rover, na mtu wa tai. Alivaa tai hata tukiwa ndani ya bonde la matope. Nilimuuliza kwa nini, akasema watu wanamwonyesha mipaka ya baba zao, yeye aende amevaa kama mwizi wa kuku?

Siku yangu ya kwanza kazini tulifika kwa mzee mmoja juu ya kilima, nami kwa kimbelembele changu nikashusha miguu mitatu ya darubini nikaisimika uani kwake. Ishengoma akaja taratibu, akaikunja, akairudisha garini.

"Umesalimia?"

"Nimesema hodi, bosi."

"Sikuuliza hodi. Nimeuliza umesalimia?"

Basi tukaingia, tukakaa, tukaletewa kikapu kidogo cha punje za kahawa, zile zilizochemshwa na kukaushwa za kutafuna. Tukatafuna. Wakaulizana habari za ndizi, za mvua, za padri, za ng'ombe aliyezaa mapacha. Saa nzima ikaisha, mimi nikiwa nimekasirika kweli, maana jua lilikuwa zuri la kupimia. Kisha yule mzee akasimama mwenyewe, akachukua fimbo, akasema, "Haya twendeni." Akatupitisha kwenye mpaka wote wa kijiji chake, kona kwa kona, jiwe kwa jiwe. Tungeutafuta peke yetu ungetuchukua siku tatu na bado tungeukosea.

Kwa hiyo andikeni hilo: punje za kahawa kwanza, GPS baadaye.

Na mengine ya kazi nitayasema hapahapa nisije nikasahau. Usimuulize mtu "mpaka wenu uko wapi?" Atakuonyesha anaoutaka. Muulize, "Ng'ombe wa kijiji kile wakivuka wapi mnaanza kugombana?" Hapo utaonyeshwa ulipo. Waulizeni wanawake wanaochota maji, kila mmoja peke yake, maana wao ndio wanajua chemchemi ni ya nani na jina la kila mteremko. Na usinywe lubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla ya kumaliza kazi, hata kama mwenyeji anakasirika. Mimi niliwahi kunywa kikombe kimoja, basi kimoja na nusu, nikaandika themanini na sita badala ya sitini na nane, na kwenye ramani uwanja wa shule ukaangukia kwenye kinamasi cha bondeni. Mwalimu mkuu aliniuliza watoto watacheza mpira na viboko au vipi.

Huku kwetu, vijana, mpaka ni kitu tunachoishi nacho kila siku kuliko watu wa mahali pengine. Mtu wa Kyerwa anaweza kuwa amekaa chooni kwake, simu ikalia, ujumbe unamkaribisha nchi ya jirani. Hajavuka hata mfereji. Wilaya ya Karagwe ilipogawanywa, bibi mmoja wa Songambele aliniambia amelala Karagwe na kuamka Kyerwa, na kitanda ni kilekile. Akaniuliza kwa dhati kabisa, "Sasa mjukuu wangu akiwa na shida, twende Kayanga au Rubwera?" Nikamwambia Rubwera, ndiko makao ya wilaya mpya. Akasema, "Na Mungu ameambiwa?"

Na mto Kagera, mpaka wetu na nchi jirani, ndio kabisa. Ng'ambo wanasalimiana kama sisi, wanawapa watoto majina kama yetu, wanapika ndizi kama sisi. Ukifumba macho ukasikiliza watu wawili wakipiga soga, mmoja wa huku na mmoja wa kule, huwezi kujua nani ni nani. Watu wameoana hivyo tangu zamani. Lakini siku ikitokea ugomvi wa ardhi, ndipo mto unapokumbukwa. Ghafla mke aliyepika miaka yote kwenye jiko la huku anaambiwa yeye ni wa kule. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na mimi ndiye niliyelisababisha.

Kila mmoja wenu aliyekulia hapa anaujua omuramura, ule mti wa majani marefu wa kuweka mpakani. Kama mnatoka kwingine, nawaeleza. Kibanja cha mtu, yaani shamba lake la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, hakina ukuta. Migomba ya Petro inapakana na migomba ya Yohana, majani yanaingiliana juu, hujui ipi ya nani. Kinachowatenganisha ni emiramura, yaani omuramura ikiwa mingi. Ukiuona omuramura, umeuona mpaka. Huung'oi, huusogezi, huukati kwa utani. Na una tabia moja: haufi upesi. Kata fimbo yake, isahau uani, mvua ikinyesha inaota. Ndiyo maana wazee waliuchagua.

Mimi nililijua hilo. Mnyambo wa kuzaliwa, nimekulia ndani ya kibanja, nilichapwa na baba yangu nikiwa mdogo kwa sababu nilichuma jani la omuramura nikatengeneza upanga wa kuchezea. Kwa hiyo msije mkasema sikujua.

Tulikuwa tunapima mpaka kati ya vijiji viwili, huko upande wa Kyerwa, kabla haijawa wilaya. Kijiji sitakitaja. Bikoni moja, ile nguzo ya alama ya upimaji, ilikuwa juu ya kilima, nyingine kilima cha pili, na katikati kulikuwa na bonde lililojaa migomba. Darubini haioni kupitia migomba. Ukitaka kuhamisha vipimo kutoka kilima hadi kilima, inabidi upitishe mstari wa muda: unaweka kigingi, unapima mita thelathini, unaweka kingine, unaendelea. Juu ya kila kigingi unapigilia msumari mmoja katikati, ndiyo alama yenyewe ya kupimia. Mstari huo si mpaka wa mtu yeyote. Ni ngazi ya mjenzi, ukimaliza unaondoa.

Mstari ulipita katikati ya kibanja cha mtu aitwaye Ezekieli, na mkewe Kemigisha. Ezekieli alikuwa mpole, akatusaidia hata kuegemeza migomba pembeni isikatwe ovyo. Kemigisha alitupikia ndizi na maharage. Yeye alizaliwa ng'ambo ya mto, akaolewa huku akiwa binti. Mdomo alikuwa nao! Aliponiona nimebeba mnyororo akasema, "Mnakuja kuifunga ardhi yetu isikimbie?"

Tulipofika katikati ya kibanja vigingi vikaisha. Vingine nilikuwa nimevisahau kule tulikolala. Ishengoma alikuwa juu ya kilima na darubini, akinipungia mkono niharakishe, na mawingu yalikuwa yanakuja. Nikaangalia kushoto na kulia. Pembeni ya barabara kulikuwa na emiramura mizee, imenyooka vizuri, laini kwa panga. Nikakata fimbo sita. Nikazichonga ncha, nikazipigilia, nikaweka msumari juu ya kila moja. Nikajiambia, wiki ijayo nitazing'oa.

Wiki ijayo gari likaharibika. Kisha mvua za masika zikaanza, barabara ikawa uji. Kisha tukahamishiwa kazi upande mwingine. Mwisho wa mwezi ikabidi tufunge taarifa, na kwenye fomu kulikuwa na mstari unaosema vigingi vyote vya muda vimeondolewa. Niliandika "ndiyo". Nikasaini. Ilinichukua muda wa kupiga chafya.

Misimu ya mvua ikapita, sikumbuki ni mingapi, lakini ilikuwa ya kutosha. Siku moja nilikuwa ofisini nachora, nikasikia mtu ameketi kwenye benchi la nje. Alikuwa Kemigisha. Sikumtambua mara moja. Amekonda, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Nikampa pole kabla sijauliza kitu, akapokea, akafungua kijifurushi cha punje za kahawa akanigawia. Tukatafuna.

Kisha akasema, "Nimekuja kumtafuta mtu aliyepanda emiramura kwenye kibanja cha mume wangu."

Nikacheka, bwana wee. Nikamwambia, "Mama, sisi hatupandi miti. Hiyo ni idara ya misitu."

Hakucheka. "Ni sita," akasema. "Imenyooka kama uzi. Imenifika kifuani."

Ile kahawa ikawa chungu mdomoni.

Akanieleza. Ezekieli alikuwa amefariki, na walikuwa wamemzika kibanjani, kama tunavyozika. Jirani yao wa upande wa chini alikuwa mdogo wake Ezekieli, Katunzi. Baba yao aliwaachia ardhi moja, nao kwa kuwa walipendana hawakuigawa kwa mti wala kwa jiwe. Kila mmoja alijua tu anapolima. Matanga yalipoisha, Katunzi akaja na watu akawaonyesha emiramura sita. Mpaka ni ule pale, akasema, kwa hiyo migomba yote chini ya mstari ni yake, na kahawa yote, na kaburi la kaka yake limo upande wake.

"Nikamwambia shemeji, hii miti ililetwa na watu wa kupima," Kemigisha akasema. "Akaniambia, ndiyo, Serikali ilipima na omuramura umeota, unataka shahidi gani mwingine? Kisha akasema mimi sijui desturi za huku kwa sababu mimi si wa huku. Akasema nikishindwa na kipande kilichobaki, kwetu napajua." Akakifunga kijifurushi chake. "Novati, kwetu ni wapi? Mama yangu na baba yangu wote wamekufa. Nimezaa watoto watano kwenye ile nyumba. Mume wangu amelala pale."

Akaniambia baraza la ardhi la kijiji litakaa Alhamisi. Akaondoka kwa miguu, hakutaka hata nimtafutie lifti.

Niliingia kwa Ishengoma nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anainyoosha tai. Akatoa faili, akaitafuta ile fomu, akaigeuza kwangu.

"Hii saini ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulikata omuramura. Wewe. Mnyambo."

"Ndiyo, bosi."

"Mimi Mhaya nisingethubutu! Hata Msukuma aliyefika jana angeuliza kwanza!" Alipiga meza mpaka wino ukaruka. Sijawahi kumwona amekasirika vile, hata ile siku ya uwanja wa shule. Kisha akakaa. Akaniambia nikienda kusema ukweli, yale maneno yataandikwa, yatapanda juu, na mtu aliyesaini uongo kwenye taarifa ya upimaji anaweza kufukuzwa. Nilikuwa na mke, watoto wawili na wa tatu njiani. Nikamuuliza, "Wewe ungefanyaje?"

"Usiniulize mimi. Mimi sikukata miti ya watu."

Usiku ule sikulala vizuri, na sitawaficha, nilitafuta njia ya kutokwenda. Nilifikiria kuumwa. Nilifikiria kuandika barua fupi isiyosema kitu. Asubuhi ya Alhamisi mke wangu akanikuta nimevaa suruali ya kanisani na nimekaa tu kitandani, akaniuliza, "Unakwenda au umevaa kwa ajili ya kukaa?" Nikaenda.

Baraza lilikaa darasani, shule ya msingi, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto na wengine madirishani. Mwenyekiti alikuwa Mama Adventina, mkulima wa kahawa, mwanakwaya wa sauti ya kwanza, na kwenye baraza pia alitumia sauti hiyohiyo. Katunzi alisimama akaongea vizuri, lazima niseme. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa, alikuwa mtu aliyeona mlango umeachwa wazi. Na mlango nilikuwa nimeuacha mimi. Akasema baba zetu hawakuandika karatasi, walipanda miti. Omuramura ukisema, mtu ananyamaza. Na wageni, akamtazama Kemigisha, tunawapokea kwa mikono miwili, lakini mgeni haji kutufundisha mpaka wetu.

Darasa likaguna kukubali. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu kila alichosema kuhusu mti ule kilikuwa kweli.

Mama Adventina akaniita. Nikasimama mbele ya ubao. Nikasema mimi ndiye niliyekata vigingi vile, kwa uvivu na haraka, nikaviacha, nikasaini kwamba nimeviondoa. Si mpaka. Hakuna mzee aliyeupanda.

Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Kijana, wewe ni mtoto wa nani?" Nikamtaja baba yangu. "Na baba yako alikulea ukate omuramura kwa ajili ya kupigilia misumari?" Watu wakacheka, kicheko cha kuumbua. Mwingine akasema huyu amepewa ndizi na yule mama. Katunzi akasema, "Serikali hiyohiyo imesaini vimeondolewa. Kama vimeondolewa, basi hivi si vigingi. Ni miti." Wakampigia makofi. Toba, alinibana vizuri! Nilijiona nimesimama pale nikiwa nimefungwa na saini yangu mwenyewe.

Nikasema, "Twendeni tukaone. Mti wa mpaka unapandwa na wazee kufuata ardhi ilivyo, unapinda na mteremko, unakwepa jiwe. Hii imenyooka, na kati ya mmoja na mwingine kuna mita thelathini kamili. Na kila mmoja una msumari kichwani, wa inchi tatu. Mkikosa misumari, mimi ni mwongo, nifanyeni mnavyotaka."

Tukaenda wote, darasa zima, akina mama na watoto nyuma. Mti wa kwanza ulikuwa karibu na jiko la Kemigisha. Fimbo yangu ya zamani ilikuwa imeotesha chipukizi pembeni, na chipukizi ndiyo iliyokuwa mti sasa. Kichwa cha fimbo kilikuwa kimekauka. Nikakipasua kwa panga. Kikamomonyoka kama mkate mkavu. Hakuna msumari. Nikachakura chini kwa vidole. Hakuna.

"Msumari uko wapi, mtoto wa fulani?" yule mzee akauliza. Watu wakaanza kuzomea. Kemigisha alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu.

Nikaenda mti wa pili. Kichwa cha huu kilikuwa kigumu, gome limeanza kukimeza pembeni. Panga likakwama. Nikavuta, nikapiga tena, likagonga chuma. Ule mlio, vijana, sijapata kusikia kinanda cha kanisa kikilia vizuri vile. Mama Adventina akasogea, akaingiza kidole, akautoa mwenyewe, umeota kutu kuanzia juu mpaka chini. Akauinua watu wauone.

Wa tatu ulikuwa nao. Wa nne ulikuwa nao. Kufikia wa tano hakuna aliyekuwa anazomea. Wakapima umbali kwa kamba, kutoka mti hadi mti, kamba haikupungua wala kuzidi. Katunzi alisimama mikono nyuma, anatazama chini.

Mama Adventina akanigeukia. "Nani alivipanda?"

"Mimi."

"Basi nani ataving'oa?"

Kwa desturi zetu hakuna mtu angeigusa miti ile. Aliyepanda ndiye mwenye kung'oa, mbele ya macho ya watu. Nikaomba jembe. Nikachimba miti sita, mmoja baada ya mwingine, suruali ya kanisani imejaa udongo, wazee wamekaa kwenye majani ya migomba wananihesabia mizizi. "Bado kuna mmoja kushoto, bwana upimaji." "Chimba, chimba, usituachie mbegu." Ilinichukua mpaka jua lilipoinama. Viganja vikatoka malengelenge. Mizizi yote niliipeleka jalalani, nikaichoma ikiwa bado mibichi, moshi ukanitoa machozi, na yale machozi hayakuwa ya moshi peke yake.

Mimi nilidhani imekwisha. Nikaanza kufuta mikono.

"Unakwenda wapi?" Mama Adventina akasema. "Kaa. Hawa watu wawili hawana mpaka. Ndiyo maana uchafu wako ukageuka mpaka."

Akawauliza wazee waliomjua baba wa Ezekieli na Katunzi. Wakasema mzee alikuwa na kijinjia chake cha kwenda kisimani, alilima na Ezekieli juu ya njia hiyo na Katunzi chini yake. Kijinjia bado kilikuwepo, kimefunikwa na magugu. Kiko chini kabisa ya mstari wangu, chini ya kahawa, chini ya kaburi. Katunzi alipoulizwa kama ni kweli, alilitazama kaburi, kisha akasema, "Ni kweli."

Ukaletwa mche wa omuramura kutoka kwenye mpaka wa zamani wa kijiji. Likachimbwa shimo kandokando ya kijinjia. Na sasa sikilizeni, kwa sababu hili halimo kwenye kitabu chochote cha upimaji mlichosoma. Kwa watu wa kilima kile, mche wa mpaka haupandwi na mtu mmoja. Wanaushika majirani wote wawili, mkono juu ya mkono, wanauingiza shimoni pamoja, na kila mmoja anamtaja mwenzake. Mgeni haushiki. Mpangaji haushiki. Unashikwa na mtu ambaye ardhi ile ni yake, atakayekufa na kuzikwa hapo.

Katunzi alilijua hilo kuliko sisi wote. Ndiyo maana alisita.

"Shika," Mama Adventina akasema.

Akashika. Kemigisha akaja, akainama, akaweka mkono wake juu ya mkono wa shemeji yake. Mikono yote miwili ilikuwa na ngozi ileile ya jembe.

"Sema."

Katunzi akasema kwa sauti ya chini, Kinyambo, maneno yakapotelea kifuani.

"Kaburi halijasikia," Mama Adventina akasema. "Rudia."

Akavuta pumzi. Akasema tena, kwa sauti, mpaka waliokaa juu jikoni wakasikia: "Huyu ni jirani yangu. Hapa kwake, pale kwangu. Huu ndio mpaka wetu." Sauti ilimkatika mwishoni, na nadhani ndipo alipomlilia kaka yake kwa mara ya kwanza. Kemigisha naye akasema ya kwake, neno kwa neno, kwa lugha ileile, na hakuna mtu pale ambaye angeweza kukuambia ni yupi kati yao aliyezaliwa ng'ambo ya mto.

Mimi barua yangu ya onyo ilikuja, kali, na cheo nilichokuwa nakingojea kikapita mbali kwa miaka. Ishengoma aliisoma barua, akaipiga muhuri, akaniambia nibebe darubini tumechelewa. Hatukulizungumza tena.

Lakini jioni ile, watu walipokuwa wanashindilia udongo kwenye mche, nilitaka niseme kitu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, marefu, mazuri. Nikasogea hatua mbili kumwelekea Kemigisha, nikafungua mdomo. Alikuwa anafuta mikono kwenye khanga. Akanitazama usoni, kisha akatazama miguu yangu.

"Novati," akasema, "unakanyaga maharage yangu."